Mchezo kazini si utoro

KAZI ni kazi, mchezo ni mchezo. Ndivyo wanavyotuambia wakubwa wengi, awe mwenye duka, mkuu wa shule au kiongozi wa ushirika. Mimi, mwalimu hapa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, nina maoni tofauti.

Nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa Kiswahili na Kiingereza. Niliporejea mwaka 2009, vikao vya walimu vilikuwa kwa Kifaransa. Sisi tuliotoka Tanzania tulikaa kimya kama maji mtungini, na mwenye wazo zuri alirudi nalo nyumbani.

Kilichotufungua vinywa si semina. Mwenzetu mmoja alileta ubao wa ikibuguzo katika chumba cha walimu, tucheze wakati wa mapumziko. Sisi tukauita bao. Ubao ni uleule: safu nne, mashimo 32, kete 64. Kanuni ndizo hazilingani, maana bao la Tanzania lina nyumba na namua. Ubishi ukazuka, ikabidi kila upande uufundishe mwingine, kwa Kirundi, Kiswahili na vidole. Baada ya majuma machache, mabubu wa kikaoni walianza kusema. Mtu uliyemla kete jana humwogopi leo! Na kete zilezile zikaingia darasani kufundishia kugawanya.

Ndugu msomaji, hili si geni kwa Mrundi. Katika ngoma zetu, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, amashako hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata inkiranya iliyo katikati. Wapigaji hupokezana hapo katikati, kila mmoja na madoido yake. Anayeruka anaruka kwa sababu wengine wameshika mdundo.

Lakini mchezo una masharti. Usiwe wa lazima wala wa fedha, maana kamari huzaa deni na deni huzaa chuki. Uwe na saa yake. Na mkubwa akifungwa akubali. Akinuna, nani atathubutu kumpa wazo jipya?

Nanyi mnaovuka Kobero na Gatumba kwa vikundi, mkisubiri karatasi za forodha, wekeni ubao katikati. Huenda yule mwenzenu mkimya, aliyerejea juzi, ndiye anayejua soko msilolijua. Mpeni zamu ya kucheza kwanza. Zamu ya kusema itafuata.