Herufi Saba za Eldoret: Jinsi Maneno ya Kiingereza Yanavyosakwa

Jina la Eldoret, mji uliokabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya tarehe 15 Agosti 2024, lina herufi saba, idadi ileile ya vipande anavyokuwa navyo mchezaji wa Scrabble aanzapo mchezo. Herufi hizo zikitolewa kama fumbo, swali huwa hili: ni maneno gani ya Kiingereza yanayozibeba zote, hata kama yameongezewa nyingine? Wengi hudhani kwamba jibu hutegemea ufasaha wa Kiingereza, na kwa hiyo mwanafunzi wa Eldoret aliyeanza na Kikalenjin, akafuatisha Kiswahili, ndipo akakutana na Kiingereza darasani, amekwisha kuachwa nyuma. Dhana hiyo ina kasoro, kwa kuwa kazi hii hutegemea zaidi namna kamusi ilivyopangwa kuliko maana za maneno yaliyomo.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuzichanganya herufi na kuzichanganya tena mpaka neno litokee. Herufi saba zilizo tofauti hupangika kwa namna 5,040. Kwa kuwa Eldoret ina E mbili zisizotofautishika, mipangilio hupungua hadi 2,520. Lakini ikiruhusiwa herufi moja zaidi, yoyote kati ya 26 za alfabeti ya Kiingereza, mipangilio hufura na kuzidi 460,000, ilhali orodha ya Collins, inayotumiwa katika mashindano ya kimataifa ya mchezo huo, ina maneno takriban 280,000 tu. Kubahatisha mipangilio, basi, ni kazi kubwa kuliko kuisoma orodha nzima toka mwanzo hadi mwisho.

Ufumbuzi ni kuipanga orodha upya. Kila neno huandikwa kwa herufi zake zikifuatana kialfabeti, na mfuatano huo hugeuka kuwa anwani yake: Eldoret huwa DEELORT, na maneno yote yenye herufi zilezile hukutana chini ya anwani moja. Ikiongezwa I, anwani huwa DEEILORT, ambamo hukaa LOITERED, yaani kuzurura kulikopita, pamoja na DOLERITE, aina ya mwamba mweusi uliotokana na ujiuji wa volkano. Ikiongezwa N hupatikana REDOLENT, yenye kunukia. Ikiongezwa T, DOTTEREL, aina ya ndege. Na ikiongezwa V, REVOLTED, walioasi. Ikiondolewa E moja hubaki RETOLD, iliyosimuliwa tena.

Anwani hizo hutosha pale idadi ya herufi inapojulikana. Mtu akitaka kila neno linalozibeba herufi saba, liwe fupi au refu, hisabati humpa njia nyingine ya kupendeza. Kila herufi hupewa namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: A hupewa 2, B 3, C 5, D 7, E 11, na kuendelea. Namba za herufi za neno zikizidishwa, Eldoret huwa 6,379,272,823. Kwa kuwa kila namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 hujengwa na namba tasa kwa namna moja tu, neno huzibeba herufi zote za Eldoret iwapo namba yake hugawanyika kwa hiyo bila baki, na si vinginevyo. LOITERED hugawanyika na kuacha jawabu 23, ambayo ndiyo namba ya I. RELOCATED huacha 10, yaani A mara C. Kompyuta huipitia orodha nzima kwa hesabu hii katika muda mfupi mno, ingawa programu za kucheza Scrabble hufuata njia tofauti: tangu Andrew Appel na Guy Jacobson wachapishe kazi yao mwaka 1988, nyingi huihifadhi kamusi kama mtandao wa matawi ambamo maneno hushirikiana mianzo na miishio.

Binadamu hana subira ya mashine, ila ana jicho la miishio. Kiswahili humzoesha kutarajia irabu mwishoni, na kwa herufi za Eldoret hupata leo, tele, lete na dole. Kiingereza hufunga neno kwa konsonanti bila taabu, kwa hiyo mchezaji aliyekomaa huitenga ED pembeni na kubaki na E, L, O, R na T. V humpa REVOLT, I humpa LOITER, kisha ED hurudishwa mahali pake. TOLERATED na RELOCATED zina umbo hilohilo.

Ushahidi mzito kwamba maana si sharti ni Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuizungumza lugha hiyo, kisha ule wa Kihispania mwaka 2024. Nairobi nayo ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya Kiingereza mwaka 2017, na Wakenya hawakosi mtaji wao, maana orodha ya Collins inakubali MATATU, UGALI, DUKA na MZEE, maneno ambayo mchezaji wa London hulazimika kuyakariri.

Anayetaka kujipima aanze na jina la mji wake, alipange kialfabeti, kisha aongeze au aondoe herufi moja moja. Wakazi wa Kitale, jirani ya Eldoret, hawana haja ya kuongeza wala kupunguza: AEIKLT ni anwani ya TALKIE, jina la zamani la filamu yenye sauti.