Kasongo, Rudi Keja

Manze, kuna ngoma zinazeeka, na kuna "Kasongo". Hii kitu ilirekodiwa Nairobi 1977, na hadi leo dijei akiidunda kwa mathree ama kwa harusi, hakuna mtu anabaki kwa kiti. Masupuu wenye hawajui Lingala hata kidogo wanaiimba macho yamefungwa, neno kwa neno, na mathe zao wako hapo kando wanaitikia.

Wenye waliipika ni Orchestra Super Mazembe. Hao mabuda walianzia Zaire 1967 wakiitwa Super Vox, kiongozi wao akiwa Mutonkole Longwa Didos. 1974 wakatua Kanairo, wakabadilisha jina. Mbona Nairobi? Ju doo ilikuwa huko, jo. Studio zilikuwa, santuri zilikuwa zinachapwa hapo hapo, na River Road ilikuwa imejaa wauza rekodi. Mbogi za Zaire zikamiminika. Baba Gaston alikuja na bendi yake, halafu 1976 wasee wake kadhaa wakamhepa wakaunda Les Mangelepa. Ushindani ulikuwa noma. Kama gitaa lako halitoi watu kwa meza, wanavuka barabara wanaenda kwa klabu ya jirani.

Sasa cheki venye ngoma za enzi hiyo zilipangwa. Kisahani cha 45 kilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hivyo wimbo ulikatwa mara mbili. Upande wa kwanza ni wa kuimba, mwendo wa pole, sauti zinapishana halafu zinaungana. Ukigeuza, magitaa yanachukua usukani. Moja linarudia kipande kifupi bila kuchoka, lingine linalijibu kwa juu, besi inatembea chini yao, na hapo ndio mashati yanalowa. Wakongo wanaita hiyo sebene. Mtu anaweza kuicheza nusu saa na asikumbuke alikuja na nani.

Lakini sebene peke yake haiwezi kubeba ngoma karibu miaka hamsini. Ndani kuna stori. Wenye wanaimba ni machali, lakini mwenye anabonga ni bibi ya mtu. Bwana yake, Kasongo, amehepa, na yeye anamwita arudi kwa ndoa yao. Jina lake linarudiwa, linarudiwa, hadi linakuwa mziki wenyewe.

Kila nikiiskia nafikiria Salamabila. Huo ni mji wa dhahabu, Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo (ile Zaire ya kitambo), upande wa mgodi wa Namoya. Mji wa Kasongo uko mkoa huo huo, na Kiswahili kimebongwa huko tangu siku za Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli. Kwa hivyo Maniema jina Kasongo si la mtu wa kwa redio. Ni la mjomba, la jirani, la msee mwenye mlisoma naye. Banro, kampuni ya Kanada, ilianza kutoa dhahabu ya kuuza Namoya 2016. 2019 ikasimamisha kazi, ju usalama ulikuwa umeharibika kabisa.

Kampuni ije, iende, wachimbaji wenyewe hawajawahi kuisha. Morio anatoka kwao, anaacha bibi na watoi, anasema ni miezi michache tu, akiomoka anarudi na mabati ya nyumba. Anashuka kwa shimo, tochi kichwani. Doo ya kwanza inaenda kwa deni la dishi, ya pili kwa bia, ya tatu kwa manzi mwingine. Jioni simu inaita, anacheki jina, anairudisha mfukoni ikiendelea kutetemeka. Huyo hahitaji mtu wa kumtafsiria Lingala.

Na Mazembe wenyewe walikuwa njia hiyo hiyo: vijana wenye walitoka kwao kutafuta ganji. Nadhani ndio maana ile kuita haiskiki kama maigizo. Waliimba kitu wanakijua.

Majuu pia waliiskia hiyo bendi. 1983 Virgin Records ya Uingereza ikatoa albamu yao, Kaivaska, na "Shauri Yako", ngoma ya Nguashi N'timbo yenye waliifanya upya, ikawa ya pili yenye kila mtu anawajua nayo. 1985 bendi ikavunjika. Damu yao lakini ilibaki kitaa: Lovy Longomba, mmoja wa waimbaji wenye walipitia Mazembe, ndiye mzae wa wale mapacha Longombas. Ile "Vuta Pumz" yao yenye ilitingisha mitaa yetu ina babu Kinshasa, Vicky Longomba wa OK Jazz.

Halafu mwisho wa 2024 ngoma ikafufuka. Juni ya mwaka huo Gen Z wa Kenya walikuwa wameingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Kufika Desemba, hao hao walikuwa wamembandika Rais William Ruto jina Kasongo, na TikTok ikalibeba kila mahali. Watoi wenye walizaliwa miaka karibu thelathini baada ya rekodi kutoka wakaanza kuitafuta nzima. Hiyo mimi naipenda sana. Mziki wa mabuda waliolala kwa vyumba vya kukodi Nairobi unastahili masikio mapya, na wenye waliupika, ama familia zao, wanastahili kulipwa kila mara unapodundwa.

Kitu moja tu inaniuma. Saa hii watu wanapigia kelele jina la bwana, na bibi amesahaulika. Ndio maana dijei akirukia sebene moja kwa moja, mimi humwambia arudishe nyuma. Upande wa kwanza ni wa huyo mwanamke, na hajamaliza kubonga.