Mwendo wa Roketi

Mji wa Sakania uko mpakani, karibu na nchi ya Zambia. Reli inayotoka Ndola hupita hapo, kisha huendelea mpaka Lubumbashi, yapata kilometa 250. Gari la moshi likienda kilometa 36 kwa saa, bila kusimama njiani, litafika Lubumbashi baada ya masaa 7 hivi.

Sasa sikilizeni habari ya roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Ilichukua chombo cha kuchunguza nyota. Siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kwa hiyo chombo kikaitwa Uhuru. Roketi ilikisukuma hata kikapata mwendo wa yapata kilometa 7 na nusu kwa sekunde. Kikawa kinaizunguka dunia yote kwa dakika 96 hivi.

Mwanafunzi asiye mwangalifu atasema: «Gari la moshi 36, roketi 7 na nusu. Basi gari la moshi linashinda!» Amekosa. Ametazama namba, hakutazama kipimo. Namba ya kwanza ni ya saa nzima, ya pili ni ya sekunde moja tu. Magunia 2 ya unga ni mengi kuliko vikombe 10.

Kwanza vipimo viwe vya namna moja. Saa ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Basi saa moja ni 60 × 60 = sekunde 3,600.

Roketi: 7.5 × 3,600 = 27,000. Ni kilometa 27,000 kwa saa.

Gari la moshi: kilometa 36 ni meta 36,000. Gawanya kwa 3,600. Ni meta 10 kwa sekunde.

27,000 ukigawanya kwa 36 unapata 750. Roketi inalishinda gari la moshi mara 750! Kwa mwendo huo, safari ya Sakania mpaka Lubumbashi ingekwisha kwa sekunde 33 hivi, muda wa kusali Salamu Maria mara mbili au tatu.

Kwa nini mbio nyingi hivyo? Jiwe likitupwa huanguka karibu. Likitupwa kwa nguvu zaidi, huanguka mbali zaidi. Chombo chenye mbio kubwa sana nacho huanguka, lakini dunia ni mviringo, nayo hujipinda chini yake. Kwa hiyo hakiifikii. Mwendo ukipungua, kitarudi. Hewa kidogo iliyoko juu ilipunguza mwendo wa Uhuru polepole, na mwaka 1979 kikaanguka katika hewa nzito.

Mungu amempa mtu akili ya kupima na kuhesabu. Mwenye kupima vizuri husoma namba pamoja na kipimo chake.

Maulizo
1. Baiskeli inakwenda kilometa 18 kwa saa. Ni meta ngapi kwa sekunde?
2. Mtoto anakimbia meta 5 kwa sekunde. Je, anaishinda baiskeli hiyo?