Kosa Lililolala Miaka Sita Ndani ya Kashe

Kumbukumbu za kompyuta ni za namna nyingi, wala hazilingani kwa kasi. Diski ya sumaku yenye bamba linalozunguka aghalabu hupiga mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani mizunguko 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8.3 hivi, na kwa wastani kichwa cha kusomea hulazimika kungoja nusu ya mzunguko, zaidi kidogo ya milisekunde 4, hadi sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Muda wa kichwa chenyewe kusogea haujahesabiwa hapo. Kwa binadamu milisekunde 4 si kitu. Kwa kompyuta iwezayo kutekeleza maagizo mamilioni katika muda huohuo, ni kungoja kwingi mno. Diski ya elektroniki, isiyo na kitu kinachozunguka, huitikia katika muda unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Lakini kwa nafasi ileile, bei yake ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuziunganisha mbili hizo. Diski ndogo ya elektroniki huwekwa mbele ya diski kubwa ya sumaku, nayo hutunza nakala za habari zitumiwazo mara kwa mara. Hifadhi ya namna hiyo huitwa kashe, neno lenye asili ya Kifaransa lenye maana ya kuficha. Wazo lenyewe si geni: Maurice Wilkes wa Cambridge, Uingereza, alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1965 kwa ajili ya kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, na mwaka 1968 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ya System/360 Model 85 iliyokuwa na kashe.

Hebu msomaji afikirie duka la mtaani. Daftari kuu la madeni limefungiwa kabatini, chumba cha nyuma. Kila mteja akopapo sukari au sabuni, mwenye duka angeweza kwenda kabatini, akaandika, akarudi. Wateja wangekwisha ondoka. Kwa hiyo huandika juu ya karatasi iliyopo mezani. Sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandika mezani na papo hapo kumtuma kijana akaandike daftarini pia, na mteja asiruhusiwe kuondoka mpaka kijana arudi. Njia hii ni ya polepole lakini salama. Ya pili ni kumruhusu mteja aende zake mara tu deni lake liandikwapo mezani, na kuyahamishia madeni yote daftarini baadaye. Njia hii ni ya haraka sana. Ila kabla ya kuhamishwa, madeni ya mchana mzima yapo juu ya karatasi ile peke yake. Karatasi ikiungua, daftari halitasema lolote.

Programu za kashe hutoa njia zote mbili, na watu wengi wapendao kasi huchagua ya pili.

Mojawapo ya programu hizo ni bcache, iliyotungwa na Kent Overstreet. Iliingizwa rasmi ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux katika toleo la 3.10, lililotolewa mwezi Juni 2013. Kazi yake ngumu kabisa ni kutunza faharasa: orodha iliyopangwa kwa utaratibu, yenye kuonyesha kila kipande cha habari kilipo na kama kimekwisha hamishiwa kwenye diski kubwa au la. Faharasa ikivurugika, habari zenyewe zaweza kuwa bado zimo, lakini hakuna ajuaye ni zipi na ni za nani.

Mwisho wa Aprili 2019 mfumo wa Fedora, mmoja wa mifumo ijengwayo juu ya Linux, ulitolewa katika toleo lake la 30. Watumiaji wakaboresha kompyuta zao kama walivyofanya mara nyingi kabla ya hapo. Baadhi ya wale waliokuwa na bcache waliwasha mashine na kukuta hifadhi zao zimeharibika. Mtu asiyejua chombo hiki angeweza kudhani kwamba diski zimekufa. Hazikuwa zimekufa, zilifanya kila zilichoagizwa.

Uchunguzi uliofuata wastahili kuangaliwa darasani, kwa kuwa ulifuata kanuni ileile ya maabara: badili jambo moja tu, mengine yote yabaki kama yalivyo. Kiini cha Linux kilichotumika kabla na baada ya kuboresha kingeweza kuwa cha toleo lilelile, chenye maandishi yaleyale ya programu. Kilipokuwa kimejengwa katika Fedora ya zamani kilifanya kazi vizuri, na kilipojengwa katika Fedora 30 kiliharibu hifadhi. Kilichotofautiana kilikuwa ni kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwanadamu kuwa maagizo ya mashine. Fedora 30 ilitumia kompaila mpya, GCC ya toleo la 9.

Ilikuwa rahisi basi kuilaumu kompaila, na lawama zilianza. Hata hivyo kompaila haikuwa na hatia.

Ili kuelewa, msomaji na afikirie mwalimu wa hisabati katika kidato cha pili. Kengele ikikaribia, anaandika hesabu ubaoni, anatoka, kisha huko nje anamwambia mwenzake: "Jibu utalikuta kwenye ubao wa kidato cha pili." Kanuni ya shule ni kwamba kipindi kikiisha, ubao ni mali ya mwalimu anayefuata. Ikiwa anayefuata ni wa historia, naye hana desturi ya kuandika, jibu litakutwa pale daima, na mwalimu wa hisabati ataamini kwamba utaratibu wake ni mzuri. Siku mwalimu wa historia abadilishwapo na mwingine mwenye bidii, afutaye ubao mara aingiapo, anayetafuta jibu la hesabu ataondoka na tarehe ya vita.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya bcache. Kila ombi la kuandika lilipofika, programu ilitafuta nafasi yake katika faharasa, na kwa kazi hiyo ilihitaji kutengeneza ufunguo wa muda: ule utanguliao mara moja ufunguo mpya. Kipande kifupi cha maandishi kiitwacho PRECEDING_KEY kiliutengeneza ufunguo huo ndani ya mabano yake, kisha kikatoa nje anwani ya mahali ulipowekwa. Lakini kwa kanuni za lugha ya C, zilizotolewa mwaka 1999, kitu cha namna hiyo huishi ndani ya mabano yake tu. Mabano yakifungwa, nafasi yake ni huru. Kompaila za zamani hazikuwa zimeitumia nafasi hiyo upesi, na ufunguo ukaendelea kukutwa pale kwa bahati. GCC 9, kwa kutaka kubana matumizi ya kumbukumbu, iliikabidhi nafasi hiyo kwa kazi nyingine. Programu ilipokwenda kuusoma ufunguo, ilikuta takataka. Na utafutaji ulioanzia kwenye takataka uliishia mahali pasipo pake.

Coly Li, mtunzaji wa bcache, alikuta dalili ndogo iliyomwelekeza. Maombi mawili ya kilobaiti 4 kila moja, yaliyofuatana bila pengo, yalipaswa kuunganishwa kuwa moja katika faharasa. Hayakuunganishwa. Hapakuwa na ujumbe wa hitilafu wala kelele yoyote. Jambo dogo tu ambalo halikutokea. Kutoka hapo akafika kwenye kipande kile.

Dawa yake haikuwa ndefu. Badala ya kipande kutengeneza ufunguo ndani ya mabano yake chenyewe, anayeuhitaji sasa hutenga nafasi yake mwenyewe na kukikabidhi kipande hicho ili kiandike humo. Ni kana kwamba anayelitafuta jibu angekuja na daftari lake, na mwalimu wa hisabati akamwandikia jibu humo badala ya ubaoni. Sahihisho hilo liliandikwa Juni 2019 na kuingia katika Linux 5.2, iliyotoka Julai mwaka huo.

Kuna jambo la vitendo kwa shule au ofisi yenye hifadhi ya namna hii. Wengi hudhani kwamba inatosha kurudi kwenye njia ya kwanza, ile ya kuandika pote pawili, kabla ya kuboresha mfumo endeshi. Njia hiyo huilinda diski kubwa isikose habari mpya, lakini haimlindi msomaji: faharasa iliyovurugika yaweza bado kumpa kipande kisicho chake. Lililo salama zaidi ni kuitenga kashe kabisa. Bcache ikiagizwa kujitenga, kwanza huhamishia kwenye diski kubwa yote yaliyokuwa hayajahamishwa, kisha huachia. Mfumo huboreshwa, hujaribiwa kwa siku kadhaa ukitumia diski kubwa peke yake, ndipo kashe hurudishwa. Kompyuta itakuwa nzito siku hizo. Aidha, nakala kamili iwepo mahali pengine kabla ya hatua yoyote, kwa sababu sahihisho la mwaka 2019 lilizuia uharibifu mpya tu. Faharasa zilizokuwa zimekwisha vurugika halikuzipanga upya, na waliokuwa nazo walibaki kutegemea nakala walizokuwa wameziweka wenyewe.