Supu ya Jumapili: Mmoja asifu, mwingine aumwa tumbo

JUMAPILI kuanzia saa 4:00 asubuhi, migahawa ya mitaani Dar es Salaam hujaa familia zilizotoka kanisani au zilizochelewa kuamka. Kinachowavuta ni supu ya mbuzi au makongoro, chapati na ndimu.

Hata hivyo, meza moja husifu, nyingine hulalamika. Aliyewahi hupata supu inayofuka mvuke na chapati laini. Anayefika saa 6:00 mchana huletewa bakuli la vuguvugu na chapati zilizokauka, na pengine mtoto akarudi nyumbani anaumwa tumbo.

Tofauti hiyo huletwa na moto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza chakula kilichopikwa kiwe na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa, na kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Kikipoa, bakteria huzaliana haraka.

Mzazi, kabla ya kuagiza, angalia kama sufuria bado iko motoni na kama kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawa. Supu ikija vuguvugu, omba ichemshwe upya. Mhudumu akinuna, mvumilie. Kuuguza mtoto ni kazi kubwa zaidi.