Wanafunzi Wanamsikiliza Nani Kuhusu Sigara?

Mwaka 1984 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, walizigawa kwa kura wilaya 40 za shule za jimbo la Washington, Marekani. Katika nusu ya wilaya hizo watoto walifundishwa kujiepusha na tumbaku kuanzia darasa la tatu hadi la kumi, masomo 65 kwa jumla. Katika nusu nyingine shule ziliendelea na ratiba zake za kawaida. Watoto zaidi ya 8,000 walifuatiliwa mpaka walipomaliza shule, na baada ya hapo pia. Matokeo yalipochapishwa Desemba 2000 yaliwavunja moyo wengi. Karibu robo ya vijana waliofika darasa la kumi na mbili walikuwa wakivuta sigara kila siku, na makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti yoyote ya maana.

Masomo yale hayakuandaliwa kizembe. Hayakuishia kwenye picha za mapafu yaliyooza. Watoto walifundishwa kuzitambua hila za matangazo, walifanya mazoezi ya kukataa wanapobembelezwa na wenzao, na walimu walipewa mafunzo kabla ya kuingia darasani. Kilichokosekana hasa hakuna awezaye kukitaja kwa uhakika. Lakini nikiutazama utafiti mwingine uliofuata, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, naona swali kubwa ni nani anayezungumza na kijana, kuliko nini anachoambiwa.

Tuanze na kijana mwenyewe. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi, ikachochea kumwagwa kwa dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Kwa mtu wa miaka 15 sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima madhara ya kesho dhidi ya raha ya leo, bado inajengwa, na itaendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana nikotini hushika mizizi haraka katika umri huo. Watafiti wa Massachusetts waliofuatilia watoto wa miaka 12 na 13 waliona baadhi yao wakionyesha dalili za uraibu wiki chache tu baada ya kuanza kuvuta mara mojamoja. Mzazi anayesema “anajaribu tu, ataacha” anakosea hesabu ya muda.

Na umri huohuo ndio ambao kauli ya rafiki ina uzito kuliko kauli ya mwalimu.

Hilo ndilo walilolitumia watafiti wa vyuo vikuu vya Cardiff na Bristol katika mpango walioupa jina la ASSIST. Shule 59 za Wales na magharibi mwa Uingereza zilishiriki, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 10,000 wa miaka 12 na 13. Kwanza wanafunzi walipewa karatasi wajibu kwa siri: ni nani katika rika lenu mnayemheshimu? Nani ni kiongozi mzuri? Nani mnatamani kuwa kama yeye? Waliotajwa zaidi, takriban mmoja kati ya sita, ndio walioalikwa. Walimu waliombwa wasiingilie uteuzi huo. Miongoni mwa waliochaguliwa walikuwamo wanafunzi ambao mwalimu asingewapa hata funguo za stoo, na walikuwamo wavutaji pia, mradi wawe tayari kujaribu kuacha.

Vijana hao walipelekwa nje ya shule kwa siku mbili, wakafundishwa na wakufunzi wageni. Walijifunza ukweli kuhusu tumbaku, ikiwamo fedha inayoteketea. Muda mwingi ulitumika kujifunza namna ya kuanzisha mazungumzo, kusikiliza, na kutofautiana na mtu bila kugombana. Kisha kwa wiki kumi walizungumza na wenzao, kwenye basi, wakati wa chakula cha mchana, uwanjani, wakiandika kwa kifupi kwenye daftari walichozungumza. Hakukuwa na hotuba wala gwaride la asubuhi.

Watafiti hawakutegemea maneno ya wanafunzi peke yake. Walichukua mate yao ili kutafuta kotinini, kitu kinachobaki mwilini baada ya ini kuivunja nikotini. Kwa jumla ya miaka miwili, uwezekano wa mwanafunzi kuwa mvutaji ulikuwa chini kwa takriban asilimia 22 katika shule zenye mpango huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet. Nguvu ya mpango ilipungua kadiri muda ulivyopita, na hilo lisifichwe. Ila ilionekana zaidi katika mabonde ya kusini mwa Wales, miji ya zamani ya machimbo ya makaa ya mawe ambako watu wanajuana nyumba kwa nyumba. Kwa mitaa yetu, ambako nako watu wanajuana hivyo, hiyo ni habari ya kutia moyo.

Kwetu kazi kama hii ingekabidhiwa viranja, nami naona hapo tungeiua. Kiranja ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele. Nani atamweleza kiranja kwamba jana alivuta nyuma ya choo?

Ugumu mwingine uko nje ya lango. Kwenye kibanda cha karibu na shule, sigara hukaa kwenye pakiti iliyofunguliwa kando ya kopo la peremende, na kiberiti cha gesi kimening’inia kwa uzi ili mteja awashe palepale. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Uganda ilipandisha umri hadi miaka 21 mwaka 2015. Sigara mojamoja ndiyo inayolingana na hela ya nauli ya mtoto, na bado inauzwa waziwazi. Siku hizi kuna pia vifuko vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo, visivyo na moshi wala harufu ya kumfichua mtu darasani.

Hata hivyo, katika utafiti wa vijana wa miaka 13 hadi 15 uliofanyika Kenya mwaka 2013, takriban mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa akitumia tumbaku. Vijana wengi hudhani wavutaji ni wengi kuliko walivyo. Wapewe hesabu hiyo: tisa kati ya kumi hawatumii.

Na yule mmoja? Akijaribu kuacha, ndani ya saa chache huanza kuwa na hasira, kutotulia, kushindwa kufuata somo. Siku za kwanza ndizo mbaya zaidi, kisha hali hupoa ndani ya wiki tatu au nne. Mwalimu asiyejua huona utovu wa nidhamu. Tukimsimamisha masomo wakati huo, tunamrudisha kwenye kibanda chenye kiberiti cha uzi. Huko West Virginia kulianzishwa mpango wa kuwasaidia vijana kuacha, wa vikao kumi shuleni, wasichana kwao na wavulana kwao, kwa hiari na bila adhabu, na umetumika katika majimbo mengi ya Marekani.

Walimu wakuu, muhula ujao wagawieni kidato cha kwanza karatasi, waandike majina ya wenzao wanaowaheshimu, na hao ndio muanze kuwafundisha. Na kijana akija mwenyewe kusema anavuta na anataka kuacha, tafadhalini, asipelekwe kwenye kamati ya nidhamu.