Daktari wa Kesho na Lugha ya Mgonjwa

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, watahiniwa bora huulizwa wanakusudia kusomea nini. Wengi hujibu: udaktari. Ni tumaini jema, nami silibezi. Linalonikera ni kuwaona baadhi yao wakikipa Kiswahili kisogo, eti baiolojia na kemia ndizo nguzo pekee za utabibu.

Mgonjwa haendi hospitalini na majina ya Kilatini. Mzee wa Lamu akisema moyo wamchafuka, huenda hana maradhi ya moyo, bali anahisi kichefuchefu. Kiungulia si kichomi, wala ganzi si kizunguzungu. Tabibu asiyezipambanua kauli hizi aweza kutibu kiungo kisicho na dosari.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, shahada ya udaktari husomwa miaka 6 kwa Kiingereza. Kwa hivyo walimu, shule ya upili huenda ndiyo fursa ya mwisho ya wanafunzi wenu kuimudu lugha ya wagonjwa wao.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Je, aliyeyataja asieleweke, alaumiwe nani?